Ukuta wa Kapteni na Mlango wa Baba

Nyumbani, tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Siku Mungu alipogawa bahati, wenzangu walikwenda na vikombe, mimi nilikwenda na pipa. Lakini salamu kwanza, usije ukasema nimekosa adabu. Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake, umwambie kitinda mimba wake hajafa, hajafungwa, na hajaoa. Huku wote wazima. Mwalimu, jirani yetu, bado anafagia uwanja wake kama anayetafuta sindano. Injini za boti zinaniletea wateja mpaka nawafukuza.

Sasa sikiliza bahati. Nimekwenda ofisi ya ziwa kuomba kibali cha kujenga ukingoni. Watu wanazungushwa pale mwaka mzima, wanatoka na mvi. Mimi niliingia saa tatu, saa nne nimetoka na karatasi yenye muhuri. Afisa mwenyewe alisimama akanipa mkono. Akaniuliza, "Wewe umesomea wapi mambo ya ujenzi?" Nikamwambia, "Nimesomea majini, bosi." Akacheka mpaka akavua miwani. Ananiita Injinia sasa. Lile jina la Kapteni limekwisha, waambie na wa huko.

Basi kazi imekwisha. Matete yote yale yaliyokuwa yanatuletea mbu nimefyeka, ziwa linaonekana lote kama sahani. Nimemwaga tripu nne za mchanga. Nimejenga ukuta wa zege, mrefu hatua arobaini, unanifika kifuani, na mimi si mfupi. Wimbi likija linagonga, linaomba radhi, linarudi kwao.

Na lile banda la baba la kutengenezea boti nimeligeuza chumba cha mama. Dirisha kubwa la kioo, mlango mpya, rangi ya maziwa. Atakaa kitandani anaangalia maji. Mlete mwezi wa tano, mvua kubwa zikipungua. Ukimleta ukalia kwa furaha, mimi sitacheka.

Mdogo wako,
Injinia (zamani Kapteni)


Mjini, tarehe 15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amepokea salamu, akauliza kama unakula. Nikamwambia mtu anayeandika hivyo hana njaa. Mguu wake unaendelea. Wanangu wazima, wakubwa wamerudi chuoni. Mimi bado niko masjala ya hospitali, bado natafuta mafaili ambayo watu wanaapa waliyarudisha.

Usinipigie simu kuhusu mambo haya. Kwenye simu unacheka mpaka nasahau nilichouliza. Niandikie.

Nimefurahi kuhusu kibali. Nimefurahi sana kiasi cha kwenda dirisha la machapisho ya serikali, saa yangu ya mapumziko, kuchukua kijitabu cha masharti ya wenye viwanja vya ukingoni mwa ziwa. Nimekisoma kote. Matete hayafyekwi, maana yanashikilia udongo, ila njia moja ya kufikia maji, upana wa hatua nne. Mchanga haumwagwi. Ukuta wa zege haujengwi ndani ya mita thelathini za ukingo mpaka wapimaji wao waje wakague kwa macho yao, na hilo peke yake ni miezi mitatu. Wewe umemaliza kwa saa moja. Ama una bahati kweli, ama mmoja kati ya wewe na kijitabu anasema uongo, na kijitabu hakina sababu.

Kibali huwa na namba juu, pembe ya kulia. Niandikie hiyo namba niiweke kwenye faili la kiwanja.

Jingine. Banda? Baba hakuacha hata msumeno sakafuni mwa banda lile. Kila kitu alikitundika darini. Hukuwahi kujiuliza kwa nini?

Dada yako


Nyumbani, tarehe 2 Machi

Dada,

Shikamoo tena, na mama shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi nyingi. Juzi nilitengeneza injini iliyowashinda mafundi wa mji mzima. Mwenyewe alitaka kunibusu, nikamwambia nina mafuta usoni.

Namba ya kibali. Dada, kibali changu si cha namba, ni cha heshima. Kipo, nimekihifadhi mahali pazuri sana, pazuri mpaka mwenyewe inabidi nipatafute. Nikikipata nitakuandikia namba, muhuri, na hata rangi ya wino.

Hayo masharti yako, nani ameyaandika? Mtu ambaye ziwa kaliona kwenye kalenda. Eti matete yanashikilia udongo. Matete! Kitu anachokata mbuzi kwa meno! Eti mita thelathini. Nilipima mwenyewe, nimesimama ndani ya maji na ndoo mkononi, nikahesabu hatua kwenda juu, ndefu, za mwanaume. Ukuta upo hatua thelathini na mbili. Nimewazidishia mbili ziwe sadaka.

Mwalimu naye kaanza. Kaja jana na fimbo yake, kasimama mwisho wa ukuta, upande wake, anaangalia maji.

"Kijana, wimbi lako likigonga hapa linakwenda wapi?"

"Linarudi ziwani, Mwalimu."

"Limekuaga?"

Akaondoka. Huyo ndiye aliyenifundisha darasa la tano, na unajua mwenyewe niliishia wapi. Angenifundisha kuuliza maswali mafupi hivyo, ningefika mbali.

Banda ni zuri. Mwambie mama mapazia ni ya bluu.

Injinia


Mjini, tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tuko salama. Mama anakushukuru kwa mapazia. Mguu wake unaendelea.

Sasa nisikilize, na uweke nyundo chini.

Ulipima kutoka kwenye maji ya kiangazi. Maji yenyewe yamekimbia, wewe unapima kutoka kwenye mkia wake. Ukurasa wa sita: mita zinahesabiwa kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika, si pale yalipolala siku uliyokwenda na ndoo. Ndiyo maana wanataka mpimaji. Hatua zako ndefu za mwanaume hazimo kwenye kijitabu.

Lakini nimekumbuka kitu, na ndicho kitakachokuokoa. Mlango wa zamani wa banda. Baba alikuwa akikata alama kwa tindo kila mwaka ziwa linapofurika na kuingia, na mwaka pembeni. Ile ya juu kabisa aliikata mwaka niliozaliwa, mama amenithibitishia jana. Kwenye ukoo huu hiyo ndiyo karatasi ya pekee ambayo hakuna aliyeipoteza. Pima kutoka chini ya mlango hadi ile alama ya juu, uniandikie. Kazi ya dakika moja. Tukijua maji yalifika wapi, tutajua ukuta wako umekaa wapi na chumba cha mama kimekaa wapi.

Na namba ya kibali. Sijasahau. Mimi ni karani.

Dada yako


Mjini, tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki karibu nne. Kwenye habari wamesema ziwa limechafuka upande wenu.

Vitu viwili nilikuomba, urefu wa alama mlangoni na namba ya kibali. Hata kama umekasirika, andika, "Nimekasirika." Nitaiweka kwenye faili.

Mama anauliza kama bado ni mwezi wa tano.

Dada


Nyumbani, tarehe 21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijakasirika. Mimi na hasira hatujawahi kukutana.

Ni kweli ziwa lilichafuka kidogo. Siku mbili. Mvua ya kawaida, upepo wa kawaida, mawimbi yana kiburi kidogo. Ukuta wangu haukutikisika hata kope. Watu wamekuja kuushangaa. Ila ni kweli pia kwamba wimbi, baada ya kugonga ukuta, lilipita pembeni likaenda kwa Mwalimu, likachukua bustani yake ya mboga, benchi lake, na kipande cha ardhi kama chumba na varanda. Nimemwambia pole. Anafagia palipobaki.

Chumba cha mama kipo. Kwa sasa kina hewa nyingi sana.

Halafu kaja afisa wa ziwa. Mwanamke, mdogo kuliko wewe, amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini, nikambatiza Bi Mabuti. Hacheki. Nimemtolea vichekesho vitatu, vile vizuri, akaniuliza kama nimemaliza. Akatembea kando ya ukuta akiupapasa kama anayenunua kitambaa. Mara akasimama.

"Hii mistari ni ya nini?"

Nikaangalia. Dada, nisikufiche. Ule mlango wa baba uliouulizia, niliutoa nilipoweka mlango mpya wa mama. Ulikuwa ubao mpana, mgumu, ulionyooka, na mimi nilikuwa napungukiwa mbao za kushikilia zege mpaka likauke. Nikaulaza pale. Zege lilipokauka nikaung'oa, ukapasuka vipande. Ndiyo sababu sikukujibu. Ningekupimia nini?

Lakini zege liliingia kwenye zile alama za tindo, likakaa. Sasa zimetokeza ukutani, zimevimba kama mishipa ya mkono wa mzee, na miaka imeandikwa nyuma mbele. Mimi miezi yote hiyo napita pale, nimeegemea pale, nimepigwa picha pale, sikuona.

"Una kioo?" akasema Bi Mabuti. Nikamletea kioo changu cha kunyolea. Akasoma miaka yote mle kiooni, mmoja mmoja. Mwaka wako upo mwisho wa yote, upande uliokuwa juu ya mlango.

"Nani alikata hizi?"

"Baba yangu. Fundi boti."

"Huyu ndiye angeajiriwa ofisini kwetu," akasema.

Akachukua futi, akapima kutoka chini ya chapa ya mlango hadi ule mwaka wako. Akaenda nayo hadi kizingiti cha banda, akasimamisha futi. Maji ya mwaka ule yalifika juu ya goti lake, Dada. Mle mle nilipoweka kitanda.

Ameniachia karatasi mbili. Moja ni ya kubomoa ukuta ndani ya siku sitini. Ya pili ni fomu. Namfikiria mtu aliyeitunga, sina neno zuri.

Kapteni


Mjini, tarehe 30 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekaa masjala miaka ishirini na miwili. Madaktari huandika "hali inaridhisha" juu ya mtu ambaye kitanda chake kimeshatandikwa shuka jipya. Kwa hiyo nikisoma "hewa nyingi sana" najua nasoma nini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeweza kujenga ukuta ukautumia kuleta ufa, tena kwa jirani. Na ukachukua kitu kimoja duniani kilichokuwa kinakwambia usimlaze mama mle ndani, ukakitumia kujengea. Nilisoma hapo nikacheka, kisha nikalazimika kwenda kusimama kwenye kabati la mafaili mpaka uchungu ukapita.

Mwalimu ameniandikia. Sitakwambia amesema nini. Nataka uniambie wewe.

Na kwa kuwa nakudai ukweli, nikupe wangu. Kila barua nimekuandikia mguu wa mama unaendelea. Hauendelei. Anatembelea fremu ya chuma ya kujishikiza, na fremu inataka sakafu iliyo sawa. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, na lifti iliharibika kabla hajaja. Mama hajakanyaga ardhi tangu Desemba. Kila asubuhi anatembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi. Begi lake liko mlangoni tangu barua yako ya kwanza, na kila nikitaka kufua kilichomo anakataa, anasema atachelewa. Sikukuambia kwa sababu ungekuja kumbeba mgongoni, ungeanguka naye ngazi, ukasimulia kwamba mliruka.

Nauliza mara ya mwisho. Ana pa kuja, au hana? Usiniletee mapazia.

Dada yako


Nyumbani, tarehe 17 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mwambie mama shikamoo, lakini barua hii usimsomee yote. Au msomee. Atajua tu, alinijua nikiwa tumboni.

Chumba hakipo. Siku ya pili ya upepo, maji yalizunguka mwisho wa ukuta yakaingia bandani kwa nyuma, pale nilipofyeka matete, maana hapakuwa na kitu cha kuyashika. Ukuta wa banda wa upande wa ziwa ulilala chini wote mzima, na dirisha langu la kioo ndani yake. Kitanda nilikiokota kwa Mwalimu. Ndiye aliyekishika kisiende, amesimama majini na fimbo, mtu wa miaka ile. Nikamuuliza kwa nini anahangaika na kitanda changu na mimi nimemmalizia bustani. Akasema, "Si chako. Ni cha mama yako."

Ukuta naubomoa mwenyewe. Hatua arobaini nilizojivunia sasa nazihesabu moja moja kwa nyundo kubwa, na zege langu, nikwambie ukweli, ni zege zuri, halivunjiki, linanikomoa. Bi Mabuti anakuja kila Alhamisi. Ametuletea miche ya matete. Mimi, niliyeyafyeka, nayapanda kwa mkono, mstari kwa mstari, magotini kwenye tope, na yeye amesimama juu yangu anasema, "Sogeza huku." Upande wa Mwalimu tumepanga mawe, mteremko wa pole pole, wimbi linapanda, linachoka, linashuka. Halafu tukapanda matete katikati. Mwalimu anasema yakishika atanisamehe. Yasiposhika atanirudisha darasa la tano.

Kipande chenye alama za baba sikukivunja. Nimekikata pembeni kwa tindo siku nne, tumekibeba watu sita, kimesimama uani. Bi Mabuti ameniomba nisikihamishe tena.

Mama ana pa kuja. Chumba chake cha zamani, cha upande wa barabara, ambacho nilikijaza injini zangu, maji hayajawahi kukifikia, baba alilijua hilo ndiyo maana aliwalaza nyie pale. Nimetoa injini zote. Nimesugua mafuta mpaka mikono inanuka sabuni. Hakina ngazi hata moja. Kizingiti nimekilaza, na kutoka mlangoni hadi uani nimemwaga sakafu, nikaipima kwa pimamaji ya mafundi mara tatu, kisha nikamwita Mwalimu apime ya nne kwa kuwa mimi sijiamini. Ziwa halionekani kutoka kitandani. Lakini akitoka na fremu yake hatua kumi na tano, za mwanamke, atakuwa kwenye lile jiwe la alama za baba, na maji yatakuwa mbele yake. Nitakuja na watu wawili wenye akili kuliko mimi kumshusha hizo ngazi zako, kwenye kiti, pole pole. Sitasimulia kwamba tuliruka.

Pamoja na barua hii nimekuwekea ile fomu ya pili. Ni ya kuomba ruhusa ya njia ya hatua nne na gati dogo la mbao la kukalia, la kusimama juu ya nguzo ili maji yapite chini. Bi Mabuti anasema hilo linaruhusiwa. Kurasa ni kumi na moja. Naomba unijazie.

Sasa lile unalolitaka.

Ofisi ya ziwa nilikwenda kweli, mwezi wa kwanza. Nilivaa shati jeupe. Nilipewa fomu hii hii. Nikakaa nayo. Maneno nayasoma yote, Dada, moja moja nayasoma, yakikaa pamoja siyaelewi. "Mchoro wa mkato wa ukingo." "Kina kwa msimu." Nikarudi dirishani kuuliza. Karani hakuwa mbaya, alinionyesha tu benchi pale ukutani, akasema, "Wasiojua kusoma wanakaa pale, kuna mtu atawasaidia." Palikuwa na wazee watatu. Mmoja akasogea pembeni anipe nafasi.

Mimi, Kapteni. Nikaikunja fomu, nikatoka.

Ningekutumia wewe, ungeijaza kwa mchana mmoja. Nililijua hilo siku ile ile. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuandika jina langu kwa mkaa kwenye sakafu ya banda lile, ukaniambia nitasoma kuliko ninyi wote.

Hakuna afisa aliyesimama. Hakuna aliyeniita Injinia. Kibali sikuwahi kuwa nacho hata siku moja. Nilikudanganya.

Mdogo wako